Heri ya Krismasi, akina mama: zimebaki wiki kumi hadi Siku ya Maombi ya Dunia

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Tunatoa salamu zote mbili kwa sababu ndivyo inavyopasa katika umoja wa madhehebu. Wa kuitikia "milele na milele, amina" waitikie, na wa kuitikia "amina" waitikie, asiwepo wa kujiona mgeni mlangoni.

Tunawatakia Krismasi njema ninyi nyote: mtakaoimba kwenye mkesha, mtakaoshinda jikoni, mliosafiri kwenda kwa wazazi, na mnaouguza. Salamu zetu za mwaka huu tunazitoa kwa habari ya Mariamu na Elisabeti (Wakatoliki watasema Maria, na ni yule yule). Luka anaeleza kwamba Mariamu alikwenda nchi ya milimani kwa haraka, kwa jamaa yake aliyemzidi umri sana. Mmoja binti wa Nazareti, mwingine mke wa kuhani. Wakakaa pamoja kama miezi mitatu. Wimbo wa Mariamu tunaujua sote. Nani aliteka maji na nani aliwasha moto hatukuambiwa, lakini miezi mitatu ndani ya nyumba moja haiendi kwa wimbo peke yake, na umoja wetu nao ni hivyo hivyo.

Tangu Krismasi hadi Ijumaa, Machi 6, 2026, ni siku 71. Hiyo ndiyo Siku ya Maombi ya Dunia, siku inayozikutanisha kamati nyingi za akina mama wa madhehebu katika nchi zetu. Mabinti wengi wanadhani ilianzishwa na maaskofu. Ilianzishwa na wanawake. Mwaka 1887 huko Marekani, Mary Ellen Fairchild James, Mpresbiteri wa Brooklyn na mama wa watoto saba, aliwaita wanawake watenge siku ya kuiombea kazi ya misheni ndani ya nchi yao, ambako wahamiaji walikuwa wakimiminika mijini. Mwaka 1890 Wabaptisti wawili, Helen Barrett Montgomery na Lucy Peabody, wakaita siku nyingine kwa ajili ya misheni ya ng'ambo. Zikawa siku mbili kwa nia zinazofanana, hadi zilipounganishwa mwaka 1920. Mwito wa dunia nzima ulisikika Machi 4, 1927, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima mwaka ule.

Kwaresima huhama kila mwaka, na tarehe ilihama nayo. Mwaka 1969 wanawake Wakatoliki waliingia kupitia umoja wao wa kimataifa, na siku ikawekwa Ijumaa ya kwanza ya Machi. Tangu hapo mama wa Tabora na mama wa Suva kule Fiji wanajua tarehe bila kumuuliza kasisi wala mchungaji. Kila mwaka wanawake wa nchi moja ndio wanaoandika ibada: Kenya iliandika ya mwaka 1991, Zimbabwe ya 2020, Palestina ya 2024, Visiwa vya Cook ya 2025. Zamu ya 2026 ni ya Nigeria, na neno lao ni Mathayo 11:28-30: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha."

Sasa tuje kwenye yanayotukwamisha, maana ni madogo na yanajirudia.

Tuanze na Baba Yetu. Wakatoliki husema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", Waprotestanti husema "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Zaidi ya hapo, Wakatoliki huishia kwenye "utuopoe maovuni", huku wengine wakiendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Bila kupanga, nusu ya kanisa hunyamaza ghafla na nusu nyingine huona aibu kuendelea. Kiongozi atamke mapema: kila mmoja asali kwa maneno aliyolelewa nayo, na anayemaliza kwanza angoje kimya. Au chapeni maneno ya namna moja kwenye karatasi. Njia zote mbili zinafaa. Kuliacha lijiendee ndiko kunakoharibu.

Nyimbo nazo ni vivyo hivyo. Namba ya Tenzi si namba ya Mwimbieni Bwana, na Wakatoliki wana vitabu vyao. Msitangaze namba, andikeni maneno. Somo la Mathayo lisomwe na mtu mmoja. Mkisoma kwa pamoja, mmoja ana Biblia ya Union, mwingine ya Habari Njema, na hakuna neno litakalosikika. Nakala za ibada toeni moja kwa kila watu wawili: inaokoa nusu ya gharama, na inamlazimu mama wa Moravian kumsogelea mama wa Anglikana.

Sehemu za wasomaji gawanyeni kwa madhehebu, msomaji mmoja kwa kila kanisa, na mfanye mazoezi mara mbili ndani ya kanisa lenyewe, kwa kipaza sauti kile kile. Hili tunalisema kwa uchungu: ibada hii imeandikwa na wanawake, na ina ujumbe wake. Kuiweka pembeni ili mgeni rasmi ahubiri saa nzima ni kuwanyang'anya akina mama wa Nigeria zamu yao, nao wameingoja kwa miaka. Mwenyeji wa kanisa apewe kukaribisha na kutoa baraka. Ushirika Mtakatifu usiwekwe kabisa, kwa kuwa madhehebu yetu hayashiriki meza moja, na siku ya umoja haifai kuishia kwa wengine kubaki kwenye viti.

Mwaka 2026 Ijumaa hiyo itaangukia ndani ya Kwaresima na ndani ya Ramadhani. Anzeni saa 9 alasiri, swala ya Ijumaa ikiwa imekwisha, na spika zielekezwe ndani. Malizeni kabla ya saa 11, ili Wasabato watakaokuja wawahi nyumbani kabla jua halijazama. Chai inywewe ukumbini, si barazani mbele ya majirani waliofunga. Tena sambusa za nyama hapana, kwa sababu Wakatoliki hawali nyama Ijumaa za Kwaresima. Kwa watu 100 pikeni lita 25 za chai: maji lita 16, maziwa lita 9, majani robo kilo, sukari kilo mbili na nusu. Mandazi mawili kwa kila mtu yanataka unga kama kilo 8. Machi mvua huanza, kwa hiyo kuni ziwekwe ndani tangu Jumatano.

Sare ya kitenge tunaomba iachwe. Mama asiye na fedha ya kitenge na ya mshonaji hatasema hana. Atasema anaumwa, atabaki nyumbani. Na neno la 2026 linawaita waliolemewa.

Sadaka isemwe inakokwenda kabla haijakusanywa. Wahesabu wawili wa makanisa tofauti wahesabu siku hiyo hiyo, waandike, watie sahihi. Penye Ushirika wa Sarafu Ndogo, ule alioanzisha Shanti Solomon wa India mwaka 1956, uwe na mfuko wake. Humo kila mama hutia sarafu ndogo kuliko zote nchini mwake pamoja na sala, ili mwenye nacho na asiye nacho watoe sawa. Noti haziingii humo, hata kwa nia njema.

Wito wa siku hii ni kusali ukijua na kutenda ukisali. Kwa hiyo tengeni saa moja mwezi Februari mjifunze Nigeria: nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika, makabila zaidi ya 250, Wakristo na Waislamu wakiishi mtaa mmoja. Tajeni Chibok, ambako Aprili 2014 wasichana 276 walitekwa shuleni. Wapo mama ambao hadi leo hawajawaona binti zao, na mzigo wao una haki ya kutajwa kwa jina.

Kikao cha kwanza kisipite Jumamosi, Januari 10, na kanisa lililokuwa mwenyeji mwaka 2025 lisiwe mwenyeji tena. Anayekwenda kuomba ukumbi kwa kanisa jirani aende mwenyewe, kwa miguu yake, asitume ujumbe wa simu. Heri ya Krismasi, dada zetu, na heri ya Mwaka Mpya 2026.