Rangi za maji hazifutwi kama ubao, naomba mrekebishe

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua, mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Dodoma ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza, na kilichonisukuma ni ile makala yenu ya likizo kuhusu vitu vya kumpa mtoto afanye nyumbani. Mlisema mnunulieni rangi za maji achore maua, hapo mlinifurahisha kwa kweli. Ila mkaongeza kwamba ni rangi rahisi kuliko zote kwa sababu mtoto akikosea anafuta na maji anaanza upya, na hapo siwezi kunyamaza maana matokeo yake nimeyaona barazani kwangu.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Alisoma makala yote kwa sauti, akachukua kiboksi chake cha rangi akakaa kuchora bogenvilia inayoning'inia ukutani kwa jirani. Ua la kwanza likamtoka zito, akaweka maji akasugua, likabaki doa la pinki, akasugua tena, karatasi ikaanza kutoa nyuzinyuzi na mwisho ikatoboka kabisa. Akaniambia, "Babu, mi sijui kuchora." Anajua, Mhariri, tena ana jicho zuri sana, alielekezwa vibaya tu.

Mimi nimekula kwa brashi zaidi ya miaka ishirini, mabango ya maduka, saluni, vibao vya shule, mpaka mashine za kuprinti mabango zilipoingia kazi ikapungua. Kwenye rangi ya mafuta mlichoandika kina ukweli, unapiga andakoti, ile rangi ya chini, unapiga mkono wa kwanza, yani tabaka la kwanza la rangi, ukikosea unasubiri ikauke unafunika, na nyeupe unaimalizia juu ya kila kitu. Hata michoro ya Tingatinga ambayo wengi wetu tumekua tukiiona inaenda hivyo hivyo, marehemu Edward Saidi Tingatinga alichorea rangi za kung'aa zile za baiskeli, unajaza nyuma kwanza, mnyama anakuja juu yake, madoa meupe mwisho. Sasa rangi za maji ni kinyume chake. Weupe wote unatoka kwenye karatasi yenyewe, rangi ni utando mwembamba tu unaopitisha mwanga, kwahiyo pale unapotaka pawe peupe unapaacha toka dakika ya kwanza na unaanza na hafifu kabisa unaenda kwenye iliyokolea. Ni kweli zipo rangi zinazonyanyuka kidogo ukizigusa na brashi yenye unyevu ukakausha na kitambaa, lakini zipo zinazong'ang'ania nyuzi za karatasi hazitoki ng'o, na pinki na zambarau nyingi ziko kundi hilo, yani hizo hizo za maua ambazo mtoto atazikimbilia.

Jumamosi iliyofuata nilikaa naye tukaanza upya, naomba niwaeleze tulivyofanya maana naamini kuna wazazi wengine walikwama pale pale.

Kwanza hatukushika brashi. Nikamtuma akabishe hodi kwa jirani aombe tawi moja la bogenvilia, tukaliweka kwenye glasi, nikamwambia ahesabu. Wengi tunadhani yale mapana ya pinki ndo maua, kumbe ni majani yaliyogeuka rangi, yanakaa matatu matatu, na kila moja limebeba kaua kadogo cheupe kama mrija kilichojishikiza kwenye mshipa wa katikati wa jani. Alivyoligundua hilo akapiga kelele mpaka bibi yake akatoka jikoni! Bogenvilia asili yake Amerika Kusini, msafara wa Wafaransa uliokuwa chini ya Bougainville uliikuta Brazili mwaka 1767 ndo ikabeba jina lake, ila imeipenda Dodoma kwa sababu ukame haiuogopi, ukiinyima maji ndo inazidi kutoa maua. Mwezi wa nane huku upepo unarusha vumbi jekundu, miti mingi imepukutika, ukuta wenye bogenvilia ndo unabaki na rangi mtaa mzima. Halafu mtoto wa hapa tunampa anakili waridi la kwenye kadi ya harusi, hiyo huwa inaniuma sana.

Karatasi. Manila ya shuleni ikilowa inajikunja, rangi inakusanyika kwenye mabonde na mtoto anadhani kosa ni lake. Tafuteni karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, bei yake inauma lakini A4 moja ukiikata inatoa vipande vinne na kipande kimoja kinatosha ua moja. Ibandike kwenye ubao pande zote kwa ile teipu ya karatasi wanayotumia mafundi wa kupaka nyumba. Penseli iguse tu, na raba isisuguliwe, inachubua uso wa karatasi na rangi ikifika hapo inazama inakuwa doa.

Mkono wa kwanza ndo wenye kazi kubwa na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, maana hata video za mtandaoni huwa zinatupoteza. Zinasema lowesha, weka rangi, una dakika kadhaa za kuichezea. Wengi wanaorekodi wako kwenye nchi zenye baridi na unyevu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yenyewe inaanza Desemba na Aprili tayari inaaga, kiangazi ukilowesha karatasi saa sita mchana inakauka kabla hujafikisha brashi kwenye rangi. Sisi tunachora asubuhi kabla ya saa tatu, upepo haujaanza na vumbi limetulia. Lowesha jani moja tu la ua, siyo ua zima, kwa maji safi, subiri karatasi inywe, kisha lowesha tena, hiyo mara ya pili ndo siri ya huku kwetu. Inamisha ubao uangalie kwa pembeni, ikiwa inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta na hakuna dimbwi, gusisha pinki nyepesi kwenye ukingo uiache itembee yenyewe kuelekea katikati. Itafifia taratibu kwa namna ambayo mkono hauwezi kuifanya. Na kale kaua cheupe usikapitishie maji, kaache kakavu, rangi inafuata maji tu, ikifika pakavu inasimama. Jani la jirani yake usiliguse kwanza, ruka ulifanye la upande wa pili, yakigusana mabichi yanaingiliana unapoteza ukingo.

Baada ya hapo usiiguse tena. Hapo ndo mjukuu alinisumbua, anataka aongeze. Rangi ikiwa nusu imekauka ukaweka tone la maji, yale maji yanaisukuma rangi pembeni na kuacha alama yenye kingo zilizochanika kama koliflawa, na hiyo hautaitoa. Kujua imekauka kweli usitumie macho, weka mgongo wa vidole, ukihisi ubaridi bado ina maji.

Mkono wa pili unapita juu ya pakavu, rangi ile ile imekolea kidogo, na haupaki jani lote, unapaka katikati ya mishipa ili mishipa yenyewe ibaki hafifu, kisha brashi ya pili yenye unyevu bila rangi inalainisha upande mmoja wa kila mchirizi. Bogenvilia ina mishipa mizuri sana, jani lake ni kama karatasi jembamba la kufungia zawadi, ukiliinua juani mwanga unapita. Hapa kuna jambo la kujua, kinachoshikilia rangi za maji ni gundi ya mgunga, jamii ya ule utomvu tuliokuwa tunaubandua mitini na kuutafuna tukichunga mbuzi, na gundi hiyo ikikutana na maji inayeyuka tena hata kama ilishakauka. Ndo maana mkono wa pili unapita mara moja tu, ukirudiarudia unaichokonoa ile ya chini na vinatokea vitope. Mikono mitatu au minne inatosha, kila mmoja umekauka kabisa kabla ya mwingine.

Kivuli msimpe mtoto nyeusi. Nyeusi kwenye bogenvilia inaua kila kitu, ua linaonekana limeungua. Chukua pinki ile ile utie bluu kidogo kwa kivuli kilicho ndani, au tone la kijani ukitaka kipoe zaidi. Kijani cha majani nacho kisitoke moja kwa moja kwenye boksi, changanya bluu na njano, tia nyekundu chembe, ndo unapata kijani chetu kilichopigwa na jua.

Kumalizia ni kuweka giza nyuma ya ua, siyo kwenye ua. Kijani kilichoiva sana kikikaa nyuma ya ukingo wa pinki, ua linakuja mbele lenyewe, na kale kaua cheupe ulikokaacha toka mwanzo ndo kanawaka hapo. Mjukuu alipofika hatua hiyo alinyamaza muda mrefu anaangalia tu, sikumsemesha.

Maji nayo. Mtaani kwetu ya kisima yana chumvi, yakikauka yanaacha utando mweupe kwenye ndoo, huo sitaki uingie kwenye karatasi kwahiyo tunachorea maji ya mvua tuliyokinga au ya chupa.

Na jambo moja linalonikera zaidi ya yote ni pinki zinazokufa. Viboksi vingi vya watoto havisemi rangi imetengenezwa na nini, ukitundika mchoro sebuleni jua la Dodoma linauosha mpaka ua linabaki kivuli. Kwenye tyubu nzuri kuna namba inayotaja rangi iliyomo ndani, PR122 na PV19 ni pinki zinazodumu, PR83 ni nyekundu nzuri sana machoni lakini inafifia. Anayetaka kuhakikisha apake mchirizi, afunike nusu kwa karatasi nzito, abandike dirishani miezi miwili mitatu kisha afunue alinganishe. Pale Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, ile nyekundu ni udongo wenye chuma ndani yake, na rangi ya namna hiyo jua haliiwezi, ndo maana mpaka leo watu wanapanda miambani kuiangalia. Mtoto wa mkoa huu akielezwa hivyo ataelewa haraka kwa nini namba ya kwenye tyubu ina maana.

Ombi langu kwenu ni dogo. Rekebisheni ile sentensi ya kufuta, na kama ukurasa wa watoto una nafasi wekeni hatua hizi kidogo kidogo, wiki moja kulowesha, wiki nyingine kivuli, kwa maua yanayoonekana mitaani wakati huo. Haibiskasi ifanyeni mapema asubuhi, nyingi ua lake linadumu siku moja tu, mkichelewa mtamaliza kwa kukumbuka. Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, ukianza kuwaka mwisho wa mwaka nitafurahi kuwaandikia tena, ule mwekundu una shida zake na petali moja kati ya tano ina michirizi myeupe ambayo inabidi iachwe toka mwanzo.

Mjukuu anaomba niwaambie mchoro wake wa pili haujatoboka, ameubandika juu ya kitanda chake, upande ambao jua haliingii.

Wenu msomaji,
Fundi wa mabango, Chang'ombe, Dodoma