Si umbali wa jua peke yake unaopima joto la sayari

Mhariri,

Mchoro wa sayari mliouchapa katika ukurasa wa wanafunzi una kosa lililozoeleka. Sayari zimepangwa kwa umbali wake na jua, na chini yake kuna mshale unaodai kwamba kadiri sayari inavyolikaribia jua ndivyo inavyozidi joto. Kwa mshale huo, Utaridi, ambayo vitabu vya shule huiita Zebaki, ndiyo ya moto kuliko zote. Siyo. Ni Zuhura.

Utaridi haina hewa ya kutajika. Mchana mawe yake hufika nyuzi 430 za selsiasi. Usiku, kwa kuwa hakuna cha kulizuia joto, hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Zuhura iko mbali na jua karibu mara mbili ya Utaridi, lakini imejifunika hewa nzito ya kaboni dioksidi inayozuia joto lisitoke, na joto lake ni nyuzi 465 hivi, usiku na mchana. Chubwi ya madini ya risasi ya mshipi wa kuvulia, inayoyeyuka kwa nyuzi 327, ingekuwa uji pale. Kanieneo, yaani mgandamizo, ya hewa hiyo ni mara 92 ya yetu. Mzamiaji wa Lamu anajua masikio yanavyouma kwenye kina cha mita 5 tu. Basi na afikirie mita 900, ndiko maji yanakogandamiza kama hewa ya Zuhura. Chombo cha Umoja wa Kisovieti, Venera 13, kilitua huko Machi 1982 kikadumu dakika 127.

Wala si aina ya hewa tu. Hewa ya Mirihi nayo karibu yote ni kaboni dioksidi, ila ni nyembamba mno, haifiki asilimia 1 ya kanieneo yetu. Haishiki joto: wastani wake ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, na maji huko huchemka yangali baridi, hayaivishi hata yai.

Rangi nazo zirekebishwe. Mirihi si nyekundu ya pilipili. Vumbi lake ni kutu hasa, kama ya nanga iliyoachwa ufukweni. Neptuni mmeipaka buluu ya wino, rangi iliyotokana na picha za chombo cha Marekani, Voyager 2, za mwaka 1989, ambazo zilikolezwa ili mawingu yaonekane. Kwa kweli inakaribiana sana na Uranusi: buluu ya kijani iliyopauka, kwa sababu gesi ya methani katika hewa yao hunyonya mwanga mwekundu.

Mwanafunzi anaweza kujionea mwenyewe. Zuhura haiachani na jua angani zaidi ya nyuzi 47 za pembe, yaani ngumi tano za mkono ulionyooshwa, kwa hiyo nyota kali ya usiku wa manane siyo hiyo. Asiielekezee darubini kabla jua halijazama kabisa, macho hupofuka. Miezi minne ya Mshtarii huonekana kwa darubini ya mkono ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50), mradi viwiko viegemezwe ukutani, la sivyo miezi hugeuka michirizi. Pete za Zohali hazionekani kwa darubini hiyo; zataka ukuzaji wa mara 25 au zaidi. Tena asitazame sayari ikiwa karibu na upeo wa bahari, kwani mwanga hupita kwenye hewa nyingi na picha hutikisika. Angoje ipande ngumi tatu.

Tunaomba mchoro urudiwe bila mshale, na iongezwe safu ya kanieneo: Utaridi hakuna, Zuhura 92, Dunia 1, Mirihi 0.006.

Walimu wa sayansi,
Lamu