Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masomo ya Likizo ya Kiangazi

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu ilikuwa masomo ya likizo. Hapa Marekani shule nyingi hufungwa kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, na mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anaweza kukaa wiki kumi bila kugusa ukurasa mmoja wa Kiingereza. Tulifundisha wiki sita, Jumatatu hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuwapanga watoto kwa madarasa yao ya shuleni. Shule za huku kwa kawaida humweka mgeni darasani kwa umri wake, si kwa alichokwisha kujifunza. Mtoto wa miaka 13 aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, aliyesoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, anapelekwa darasa la nane hata kama Kiingereza ndiyo kwanza anakianza. Kwa wiki mbili tukawa na meza ambayo mmoja anamaliza hadithi na mwenzake bado anatafuta herufi. Wiki ya tatu tukawapima wote upya. Mtoto husoma kifungu kwa sauti dakika moja, mwalimu anatia alama kila neno lililokosewa. Makosa yakizidi neno moja katika kumi, kifungu ni kizito. Anashushwa mpaka apate anachokimudu. Vikundi vikawa vya watoto watano watano, umri mchanganyiko. Wakubwa watafutiwe vitabu vya maneno mepesi lakini vyenye habari za rika lao, kama mpira au magari. Kijana wa miaka 13 ukimpa kitabu cha kuku na vifaranga, kesho haji, na ana haki.

Walimu wa kujitolea, wengi wao wasiojua Kiswahili, waelezwe jambo moja kabla ya siku ya kwanza. Irabu zetu tano kila moja ina sauti yake na haibadiliki. Kwa hiyo aliyeanza kusoma kwa Kiswahili akikuta "made" husoma ma-de, kama anayetaka kusema madeni, na "hope" huwa ho-pe, ilhali kwa Kiingereza e hiyo ya mwisho haitamkwi, bali hubadilisha sauti ya irabu iliyotangulia. Huyo anajua kusoma. Anafuata kanuni ya lugha aliyoanzia. Tumetumia kadi za jozi: hop na hope, kit na kite, cub na cube. Mwalimu anaziba e ya mwisho kwa kidole, mtoto anasoma. Anaondoa kidole, mtoto anasoma tena. Dakika kumi kwa siku, jozi nne, basi. Kikundi kilichopewa jozi kumi kwa mpigo kilizichanganya zote.

Kwenye hesabu, wazazi waliosomea Kongo au Burundi huandika namba inayogawanya upande wa kulia na desimali kwa mkato: 3,5. Shule ya hapa huiandika kushoto, na 3.5. Mtoto anasaidiwa usiku, asubuhi anakosolewa, ilhali jibu ni lilelile. Wazazi, msiache kuwasaidia. Njia zote mbili ziandikwe kwenye daftari, mwalimu azione.

Chakula cha mchana kililipiwa na mpango wa serikali kuu wa milo ya kiangazi, kwa watoto hadi miaka 18. Kituoni kwetu mtoto lazima ale palepale, na mlo wa mtu mzima haulipwi. Asiyekuja bila taarifa anaacha sahani inayotupwa.

Mahudhurio yalishuka baada ya Julai 4. Sababu kuu inaeleweka: mzazi ana zamu ya alfajiri, kaka au dada mkubwa anabaki kulea wadogo. Kamati inapendekeza mwakani kuwe na chumba cha wadogo wa miaka mitatu hadi mitano, chenye walezi wawili muda wote. Kila mlezi atahakikiwa rekodi zake za polisi, na hilo huchukua wiki kadhaa, hivyo majina yamfikie katibu kabla ya mwisho wa Machi.