Kikao cha familia na mlevi kinahitaji maandalizi

Mhariri,

Desemba inapokaribia, watu wengi wa hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, hujiandaa kurudi vijijini kwao, na kila mwaka kuna jambo moja linalojirudia. Ndugu wakishakusanyika, wazee huona kwamba hiyo ndiyo nafasi ya kumaliza habari za yule kijana, au za yule baba, ambaye waragi, ile pombe kali yetu, imemshinda. Huitwa ghafla, hukalishwa katikati ya watu, na kila mmoja humwaga yaliyomjaa moyoni. Shangazi humkumbusha ng'ombe aliowauza, kaka mkubwa humkumbusha kazi aliyofukuzwa, mjomba hutishia kumnyang'anya kipande chake cha ardhi, na mwishowe mtu huyo huapa mbele ya wote kwamba hatagusa tena pombe. Jioni hiyo hiyo huonekana kwenye kilabu cha malwa, pombe ya ulezi. Ninawaandikia wasomaji wenzangu kuwaomba wasiitishe kikao cha namna hiyo mwaka huu, na badala yake waandae kingine chenye mpango, upole na mahali pa tiba palipokwisha kutafutwa.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuzungumza na wake, mama na dada wa watu wenye uraibu wa pombe. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nami ninawaheshimu wazee wetu, lakini katika jambo hili neno huharibika mbele yao kila siku kwa sababu kikao huanza na hasira na huisha na kiapo. Mtu aliyefikia hatua ya uraibu hanywi kwa kuwa amewasahau watoto wake. Ubongo na mwili wake vimekwisha kuizoea pombe kiasi kwamba bila hiyo halali, hatulii, na mikono humtetemeka asubuhi. Ukimwaibisha mbele ya shemeji zake na watoto wake, unamwongezea uchungu ambao dawa yake pekee anayoijua iko chupani.

Kiapo chenyewe kina hatari ambayo familia nyingi haziifahamu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha pombe ghafla, anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, akaanza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, kutokwa jasho jingi na kupandwa na homa. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Nimepokea wagonjwa waliofungiwa chumbani na ndugu zao kwa nia njema kabisa ili pombe iwatoke, na ndugu hao walipoona mtu anapiga kelele akipigana na wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona, wakakimbilia kwa waombaji wakidhani ni mapepo. Hospitali ina dawa za kutuliza hali hiyo, pamoja na vitamini B1, ambayo mwili wa mlevi huwa umepungukiwa nayo. Kwa hiyo anayemwambia mlevi wa kila siku aache leo leo awe ameshauliza ni nani atakayemwangalia usiku huo na siku zitakazofuata.

Huko Marekani, kasisi wa Kianglikana wa Minnesota aliyeitwa Vernon Johnson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mlevi, alianza katika miaka ya 1960 kuzifundisha familia namna ya kumkabili mgonjwa kwa pamoja bila kusubiri aharibikiwe na kila kitu. Kila mmoja aliandika aliyoyaona, akayasoma kwa upendo, na mahali pa matibabu palikuwa tayari. Njia hiyo ilisaidia wengi, lakini ina ugumu wake. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan wa Chuo Kikuu cha New Mexico walichapisha utafiti juu ya watu 130, ndugu na wenzi wa walevi waliokataa tiba. Waliwagawa katika makundi matatu. Katika kundi lililofuata njia ya Johnson, asilimia 30 ya walevi waliingia kwenye matibabu. Katika kundi lililoelekezwa kwenye mtindo wa Al-Anon, yaani vikundi vya ndugu wa walevi, ambao lengo lake hasa ni kumsaidia ndugu mwenyewe, walikuwa asilimia 13. Na katika kundi ambalo ndugu walifundishwa hatua kwa hatua namna ya kuishi na mlevi na kumvuta taratibu kwenye tiba, walikuwa asilimia 64. Kilichoipunguzia nguvu njia ya Johnson ni kwamba familia nyingi zilishindwa kufika siku ya kikao chenyewe. Ziliogopa makabiliano. Jambo la kutia moyo ni kwamba ndugu wenyewe walipata nafuu katika makundi yote matatu, hata pale mgonjwa alipoendelea kukataa.

Njia ile ya tatu ndiyo ninayoiona inafaa kwetu, na msingi wake haupingani na malezi yetu. Mke hujifunza kukaa na mumewe, kula naye na kuongea naye siku ambayo hajanywa, na kujitenga kwa utulivu anaporudi amelewa, bila kelele wala matusi. Huacha kulipa madeni ya baa. Kaka huacha kumpigia simu mwajiri kusema kwamba ndugu yake ana malaria. Hayo si kumtupa mgonjwa, ni kuacha kumkinga na matokeo ya pombe. Neno la tiba husubiriwa hadi saa yake, yaani pale yeye mwenyewe anapojuta au anapouliza kwa nini mtoto amemkimbia, ndipo huambiwa kwamba yuko mtu hospitalini aliye tayari kumsikiliza.

Kama familia imeamua kukaa kikao, ikae kwa utaratibu. Familia moja ninayoifahamu, ambayo mgonjwa wake alikuwa fundi seremala, ilikataa kuita ukoo mzima. Walikaa mkewe, dada yake, rafiki yake wa tangu shule na mzee mmoja wa kanisani anayemheshimu. Kaka yake ambaye naye hunywa aliombwa asije. Walikutana kwanza wao kwa wao, wakakubaliana nani aanze na nani afunge, na kwamba yeyote atakayepandwa na hasira atatoka nje. Siku yenyewe walichagua asubuhi mapema, kabla hajaonja kitu. Mkewe alisoma kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto. Alianza na meza ambayo mume alimtengenezea walipooana, akasema kwamba hadi leo anakula chakula kwenye meza hiyo, kisha akaeleza usiku mmoja tu, si miaka yote, ambapo mtoto alikuwa na homa na hela ya dawa haikuonekana. Dada yake akamwambia kwamba muuguzi amekwisha kuongea naye na anamsubiri, nauli ipo, na rafiki yake atamsindikiza. Fundi alikataa. Alisema kuna milango ya mteja anapaswa kuimaliza. Hakuna aliyemfokea, mzee alimshukuru kwa kusikiliza, nao wakaendelea na mipaka waliyokuwa wamekubaliana. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe alimwuliza rafiki yake kama ile nauli bado ipo.

Ninaongeza tahadhari moja. Pale ambapo mlevi hupiga watu au hushika panga, kikao si cha kuitishwa na mke nyumbani. Usalama wake na wa watoto huja kwanza, na hapo ni kazi ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na polisi. Hata hivyo, kumfunga mtu kamba na kumpakia kwenye gari kwa sababu tu amekataa tiba si sawa. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imeweka masharti ya kumtibu mtu bila ridhaa yake, na ndugu hawana ruhusa ya kujiamulia tu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye fedha. Ni kweli kwamba vituo vya binafsi vya kurekebisha waraibu hutoza fedha ambazo mkulima wa kawaida hana. Lakini Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika jijini Kampala ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili. Kuandika karatasi, kuchagua watu wanne na kuongea asubuhi hakuna gharama. Serikali ilifanya vyema kupiga marufuku waragi ya vifuko vya plastiki mwaka 2019, ila chupa ndogo zimebaki dukani, na hakuna sheria itakayokaa na mgonjwa sebuleni kwake.

Tena mgonjwa anaweza kupona akarudia. Hilo ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na wale wanne wajue tangu mwanzo kwamba huenda wakakutana tena, kwa upole ule ule.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakuu wa hospitali zetu. Nimewaona akina mama wakifika peke yao kuuliza wafanye nini na mtoto anayekunywa, wakaambiwa dirishani pa usajili kwamba wamlete mgonjwa ndipo waandikishwe, wakati shida yao yote ni kwamba mgonjwa hataki kuja. Utafiti niliouelezea ulianza na ndugu waliokuja bila mlevi. Tengeni alasiri moja kila wiki ya kumpokea ndugu aliyekuja peke yake, mumpe daftari na mumwandikishe kwa jina lake mwenyewe, na siku hiyo itangazwe getini, makanisani, misikitini na katika gazeti hili kabla ya sikukuu.

Muuguzi mstaafu,
Tororo