Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya magereza: Mwanangu na arudishwe kwenye dawati lake la mtihani

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua nne nilizokuandikia faraghani hazijajibiwa hadi leo. Ya kwanza niliileta mwenyewe ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu, mbili nilizituma kwa posta, na ya nne mjukuu wangu alinisaidia kuituma kwa baruapepe. Mimi ni mwalimu mstaafu niliyefundisha Hesabu na Kiswahili katika shule za msingi za Kwale na Mombasa kwa miaka 31, na ni mama wa mfungwa. Sioni haya kuyataja yote mawili pamoja.

Alfajiri ya Alhamisi moja mwezi uliopita, siku nne kabla ya mitihani ya mwaka wa tatu ya shahada ya ualimu anayoisomea kwa masafa, mwanangu aliitwa jina, akaambiwa afunge virago, akapandishwa lori pamoja na wenzake kumi na mmoja. Usiku ulipoingia alikuwa katika gereza jingine huko bara, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Vitabu hakuruhusiwa kubeba. Jumatatu yake msimamizi wa mitihani kutoka chuoni alipita lango la gereza alilotolewa mwanangu, akiwa na bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akakuta madawati sita yamekaliwa na la saba tupu, limebandikwa namba ya mwanangu. Alisubiri nusu saa, kisha akaandika kwenye orodha yake neno moja: hayupo.

Mheshimiwa, nimeandika neno hilo maelfu ya mara katika madaftari ya mahudhurio. Niliwaandikia watoto waliougua, walioajiriwa kuchunga mbuzi, na waliokosa sare. Sijapata kumwandikia mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wa serikali usiku na mchana, anayehesabiwa asubuhi na jioni, ambaye hawezi kwenda hata msalani pasipo askari kujua. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuwa hayupo?

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu nikachukue vitu vyake. Nilivuka feri, nikapanga foleni langoni, nikapewa salfeti ya sukari iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na madaftari tisa. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, lakini haya sikujua niyashike vipi. Karatasi ni adimu kule ndani, kwa hiyo ameandika kwa penseli herufi ndogo mfano wa punje za mtama, pande zote mbili, hadi ndani ya majalada. Pale kurasa zilipokwisha aligeuza daftari juu chini akaandika katikati ya mistari ya awali. Katika daftari la Saikolojia ya Elimu ameorodhesha pembeni majina ya wafungwa kumi na wanne anaowafundisha, na mbele ya kila jina kile ambacho mtu huyo bado hajakielewa: huyu kugawanya kwa tarakimu mbili, yule irabu zinazofuatana, mwingine "anaona aibu kusoma kwa sauti, asiulizwe mbele ya wenzake". Nimewakagua walimu wenye vyeti na mishahara ambao hawakuwahi kuandika sentensi kama hiyo kuhusu mwanafunzi wao.

Nakuomba urudi nyuma miaka miwili. Ulikuja katika gereza hilohilo siku ya kukabidhi vyeti, nami nilikuwa nimeketi mstari wa tatu, upande wa akina mama wa familia, chini ya turubai la buluu. Ulisema, na tuliosikia tuko wengi, kwamba gereza chini ya uongozi wako litakuwa mahali pa kumrekebisha mtu. Uliahidi chumba cha kusomea, kompyuta kumi na intaneti yenye usimamizi, na ukaahidi kwamba hakuna mfungwa mwanafunzi atakayehamishwa katikati ya masomo. Tulipiga makofi. Mimi nilisimama kabisa. Chumba kimejengwa, nakushukuru kwa hilo kwa dhati, ingawa nasikia sasa kina magodoro. Kompyuta hazijaja. Ahadi ya uhamisho ndiyo pekee isiyohitaji hata shilingi moja, na ndiyo iliyovunjwa kabla ya zote.

Kwa nini alihamishwa, sijaambiwa. Mmoja aliniambia ni msongamano, nami najua kuwa magereza yetu yamejaa kupita kiasi, lakini kama ni msongamano, mbona nasikia waliletwa wengine juma hilohilo? Mwingine alininong'oneza kwamba mwanangu aliwaandikia wenzake barua ya kulalamikia maji, na kwamba kuna aliyekasirika. Sina ushahidi na sitaki kumsingizia mtu. Huenda ni karani tu aliyechora mstari chini ya majina kumi na mawili bila kujua kuwa mmoja wao alikuwa na mtihani Jumatatu. Ikiwa ndivyo, basi hakuna rejista inayoonyesha nani anasoma, na hilo laweza kurekebishwa kwa daftari moja na kalamu.

Najua wapo watakaosoma barua hii wakauliza kwa nini aliyetoa roho ya mtu asomeshwe, ilhali watoto wa watu waadilifu wanakaa nyumbani kwa kukosa karo. Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Mwanangu alipigana na kijana mwenzake kwa deni la shilingi elfu nne, akampiga, na kijana yule hakuinuka tena. Mahakama ilisema ni kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Sijawahi kusema kuwa ameonewa. Mama wa marehemu anaishi mitaa mitatu kutoka kwangu, na kwa miaka miwili ya kwanza nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma nisikutane naye sokoni. Siku tulipokutana uso kwa uso mbele ya kibanda cha mkaa, aliniamkia, nikaitikia, tukasimama bila neno. Kisha akauliza, "Anasoma bado?" Nikamjibu kuwa anasoma. Akasema haya, akaenda zake. Mwaka wa tatu sasa, kila tunapoonana swali lake ni hilohilo. Mheshimiwa, juzi aliniuliza tena, nami sikuwa na la kumjibu.

Tena masomo haya si ya bure. Karo ni Sh28,000 kwa muhula, na ninayelipa ni mimi, kutoka kwenye pensheni ambayo baadhi ya miezi huchelewa. Nimeuza cherehani yangu. Nimekopa katika chama cha akina mama hadi naona haya kukaa mbele siku za mikutano, na presha nayo imepanda kiasi kwamba daktari ameniongezea vidonge vya pili, ambavyo navyo ni vya kununua. Tangu ahamishwe nimekwenda kumwona mara moja tu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa Sh3,500, nikalala kwenye benchi la stendi, nikapewa dakika ishirini nikitenganishwa naye na waya. Hakuulizia chakula wala nguo. Aliniuliza kama nimeyapata madaftari.

Mimi ni mtu wa Hesabu, kwa hiyo niruhusu nihesabu. Sheria yetu ya magereza inampa mfungwa wa aina yake msamaha wa theluthi moja ya kifungo akiwa na bidii na mwenendo mwema. Miaka 15 ikitolewa theluthi ni miaka 10, naye aliingia 2018. Kwa hiyo mwaka 2028, apendwe asipendwe, atashuka kwenye feri pale Likoni akiwa na mkoba wake. Hatarudi katika ofisi yoyote ya serikali, atarudi mtaani kwetu, mitaa mitatu kutoka kwa mama yule. Tunachoweza kuamua sasa ni atashuka akiwa mtu wa namna gani. Marekani waliwanyima wafungwa ruzuku ya serikali ya masomo ya chuo mwaka 1994, wakidhani wanawakomoa wahalifu, na baada ya karibu miaka thelathini wakairudisha kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Taasisi ya utafiti ya RAND ilichapisha mwaka 2013 kwamba wafungwa walioshiriki masomo gerezani walikuwa na uwezekano wa kurudi jela ulio chini kwa asilimia 43 kuliko wasioshiriki, na kwamba kila dola moja iliyotumika kuwasomesha iliokoa dola nne hadi tano za gharama za kuwafunga upya katika miaka mitatu ya kwanza baada ya kuachiliwa.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Peter Ouko alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani ya gereza la Kamiti, akapata stashahada yake humohumo, akasamehewa na Rais mwaka 2016 baada ya miaka 18, na tangu hapo amekuwa akiwaonya vijana dhidi ya uhalifu. Jirani zetu Uganda wana Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo, ambaye kesi yenye jina lake na la wenzake 417 ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo itamke mwaka 2009 kuwa hukumu ya lazima ya kifo inakiuka katiba. Naye alisomea sheria kwa masafa akiwa katika gereza la Luzira, akatoka mwaka 2016. Mzee Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazobeba jina lake tangu 2015 zinasema, katika kanuni ya 104, kwamba wafungwa wote wanaoweza kunufaika na elimu zaidi watengenezewe njia ya kuipata, na kwamba elimu hiyo iungane na mfumo wa elimu wa nchi ili mtu akitoka aendelee bila taabu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 51, inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kabisa kwa sababu ya kifungo. Mtihani wa chuo unawezekana. Dawati lilikuwepo, karatasi zilikuwepo, msimamizi alikuwepo.

Nimesema mtaani kwetu, na niseme zaidi, kwa sababu hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Yupo kijana hapa, jina lake nitalihifadhi, aliyeingia jela akisaini kwa dole gumba. Mwanangu alimfundisha kusoma kwa miezi minane. Leo ni mwendeshaji wa bodaboda na ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha watu ishirini na wawili. Nimeliona daftari lake la michango: namba zimepangwa chini ya namba, mstari umepigwa kwa rula, jumla iko mahali pake. Nililitambua papo hapo, kwa kuwa huo ni mpangilio niliomfundisha mwanangu akiwa darasa la tatu. Yupo pia mjukuu wangu, binti wa mwanangu, aliye Kidato cha Tatu, ambaye kwa miaka alisema shuleni kwamba baba yake amesafiri. Tangu baba aanze chuo wamekuwa wakiandikiana barua za hesabu: binti anatuma swali lililomshinda, baba anarudisha njia, hatoi jibu mpaka binti alitafute mwenyewe. Mwaka jana binti aliacha kusema baba amesafiri. Alimwambia mwalimu wa darasa kwamba baba yake yuko jela na yuko chuo kikuu. Siku nilipomwambia kuwa baba amekosa mtihani, hakulia, alikwenda kuziweka zile barua kabatini, na tangu siku hiyo hajaandika nyingine.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi, Mheshimiwa: rejista ya wanafunzi katika kila gereza, amri ya maandishi ya kuzuia uhamisho majira ya mitihani, zile kompyuta kumi, magodoro kutolewa katika chumba cha kusomea. Yote nayataka bado. Lakini muda haunisubiri, kwa hiyo nakuomba moja. Mtihani wa wale waliokosa kwa sababu zinazokubalika ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Chuo kimenijibu kwa maandishi kwamba kitampokea, mradi gereza lithibitishe kuwa hakukosa kwa hiari yake na liseme mtihani umfuate wapi. Uthibitisho huo ni barua ya ukurasa mmoja. Arudishwe Pwani au aachwe huko bara, sitabishana. Naomba barua hiyo iandikwe, isainiwe, na mwanangu akalishwe mbele ya karatasi yake.

Madaftari tisa yako chini ya kitanda changu, nimeyafunga upya kwa kamba. Nikipigiwa simu leo, kesho nitapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi nimpelekee. Namba yangu ya simu imo katika kila moja ya zile barua nne, juu kulia.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu, mama wa mfungwa mwanafunzi,
Likoni, Mombasa