Ganzi ya miguu si uzee tu

Mhariri,

Naandika kuhusu lishe ya wazee, na ganzi ya miguu nitaifikia mwishoni. Katika nyumba nyingi hapa Kisumu, mzee huletewa ugali, mboga na chai kwa pamoja. Chai hiyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye managu na kunde. Mpeni chai saa moja hivi baada ya kula, na mboga mzikamulie ndimu. Magadi tafadhali wekeni kando: hulainisha mboga, lakini huharibu vitamini C.

Omena huliwa na mifupa yake, na kalsiamu imo humo. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Asiye na meno asinyimwe. Ziosheni kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, zikaangeni zikauke kabisa, zisageni, mtie kijiko kwenye uji au mchuzi.

Linalonisumbua zaidi ni vitamini B12, inayohitajika kutengeneza damu na kulinda neva, yaani mishipa ya fahamu. Uzeeni asidi ya tumbo mara nyingi hupungua, na B12 ya nyama na samaki hubaki imeshikana na protini, mwili ukashindwa kuifyonza. Metformini ya kisukari na omeprazoli ya vidonda vya tumbo, zikimezwa miaka mingi, huongeza upungufu huo wa B12. Miguu ikifa ganzi, mzee akiyumba au akisahau, watu husema ni umri. Msimwachishe dawa, mwombeni daktari apime damu. Wala msikimbilie vidonge vya foliki asidi (vitamini nyingine ya kutengeneza damu) peke yake: damu yaweza kuonekana nzuri huku neva zikizidi kuharibika.

Mtaalamu wa lishe,
Kisumu