Mhariri, CORS haiishii kwenye templeti

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku maana hili jambo la CORS, ule utaratibu wa brauza wa kuangalia kama tovuti ya domeni moja imeruhusiwa kusoma majibu ya domeni nyingine, limeninyima usingizi siku mbili, na najua kurasa zako za teknolojia zinasomwa na waandika kodi za kompyuta kama mimi.

API yetu, yaani huduma ambayo tovuti inaiomba data, iko klaudi kwenye API Gateway, lango la AWS la kupokea maombi, na tovuti iko domeni nyingine. Nikiipiga kwa curl, programu ya kutuma maombi bila brauza, inajibu fresh kabisa, nikija kwenye brauza inagoma. Nikailaumu seva wee, kumbe maskini haina neno, anayegoma ni brauza, curl yeye hayo mambo ya CORS hayamhusu.

Basi nikafungua templeti ya SAM, lile faili la kuieleza AWS ijenge nini, kwenye Cors nikaandika AllowOrigin (domeni inayoruhusiwa) nikaweka nyota, yaani yoyote. Kudeploi, yaani kuipandisha klaudi, ikakataa, eti nyota haieleweki! Kumbe inataka nukuu ndani ya nukuu, hivi: "'*'", yaani usipomwona mwenzako ameandika hivyo huwezi kuotea. Ikapita. Ile OPTIONS ambayo brauza inatanguliza kubisha hodi ikawa inajibiwa 200, nikashangilia, halafu GET yenyewe, lile ombi la data, ikagoma vilevile.

Hapa ndo wengi tunapotea. Templeti inashughulikia ile hodi tu, ila kama Lambda yako, yaani funkshoni ya klaudi inayotoa jibu, iko kwa mtindo wa proksi, jibu linatoka kama funkshoni ilivyolitoa, hakuna wa kukuongezea kitu, kwa hiyo heda ya Access-Control-Allow-Origin, ule mstari juu ya jibu unaoiambia brauza domeni gani imeruhusiwa, lazima uirudishe mwenyewe kwenye kodi. Nikaiweka, ikakubali.

Kesho yake kosa lilelile limerudi! Nimehangaika mpaka jioni nabadilisha templeti wakati shida ni tokeni tu ya kuingilia ilikuwa imeisha muda. Getiwei ilikataa kwa 401, yaani hujatambulika, kabla funkshoni haijaguswa, na jibu lake halina heda, sasa brauza ikaandika CORS kwa wekundu na ile 401 kodi yangu ya kwenye tovuti haikuiona kabisa. Dawa yake ni mistari michache ya GatewayResponses kwenye templeti, yaani majibu ya getiwei yenyewe, unaweka heda kwenye DEFAULT_4XX na DEFAULT_5XX (makosa ya namba za 400 na 500), basi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaogawa templeti, hiyo mistari msiiache nje. Na kama tovuti inatuma kuki andikeni domeni yenyewe na AllowCredentials (ruhusa ya kutuma kuki), maana nyota hapo brauza haiitaki.

Msomaji wako, bado nina usingizi